Mashujaa wa Taifa: Dodoma Iwakumbuke Wote

Kila mwaka, ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao penye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wazee waliopigana vita nao huweka silaha ya jadi. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya, kisha viongozi wa dini huomba dua. Ni sherehe fupi isiyo na mbwembwe nyingi, na kwa sababu hiyo ina uzito wake.

Mwaka 2016 sherehe hiyo ilifanyika hapa Dodoma. Ilikuwa katika siku hizo hizo ambapo Rais wa wakati huo, Hayati John Magufuli, alitangaza kwamba Serikali yake itahamia Dodoma, na hivyo kuutekeleza uamuzi uliopitishwa na TANU tangu mwaka 1973. Kwa hiyo kumbukumbu ya mashujaa na suala la makao makuu vilikutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Tangu hapo Dodoma imekuwa jiji, tarehe 26 Aprili 2018. Wizara zimejengwa Mtumba. Na Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023 na Rais aliyezaliwa Zanzibar. Mji mkuu sasa upo, na yafaa tujiulize utabeba kumbukumbu za nani.

Swali hili si la anasa. Mtumishi wa Serikali anayefanya kazi Mtumba akiulizwa awataje mashujaa watano wa Taifa hili, hapana shaka atawataja. Mkulima wa karafuu wa Wete au mvuvi wa Makunduchi akiulizwa swali hilo hilo, naye atajibu. Je, orodha zao zitafanana? Tunaamini kuwa majina mawili au matatu yatafanana, na mengine yatatofautiana. Si vibaya yakitofautiana. Vibaya ni iwapo mmoja atalitaja jina fulani kwa sauti, na mwingine alitaje kwa kunong'ona.

Taifa halionekani kwa macho. Mtu huiona nyumba yake, shamba lake na jirani yake, lakini hajapata kuiona Tanzania yote kwa mara moja. Ndiyo maana mataifa yote hutafuta alama za kusimama badala ya kile kisichoonekana. Waasisi wetu walilifahamu jambo hilo vema. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi wa Aprili 1964 Mwalimu Nyerere alichanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar mbele ya watu. Bendera ya Muungano ilichukua kijani, nyeusi na dhahabu ya upande mmoja, ikaongezewa buluu ya upande wa pili. Katika Nembo ya Taifa, miguuni pa mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya mlima, pana karafuu na pamba. Mwananchi wa Pemba akiitazama nembo hiyo aliona zao lake, na mwananchi wa Shinyanga aliona lake.

Lakini alama ni ahadi, na ahadi isipotimizwa hugeuka kuwa lawama. Katika jambo hili wapo wenzetu walio na historia ndefu kuliko yetu, nao ni watu wa kisiwa kama walivyo ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Tunasema juu ya Ireland, nchi iliyokaa chini ya utawala wa Kiingereza kwa karne nyingi. Bendera yake ina rangi tatu. Kijani ni kwa ajili ya wazalendo, ambao wengi wao ni Wakatoliki. Rangi ya machungwa ni kwa ajili ya Waprotestanti. Na nyeupe iliyo katikati ni amani baina yao. Maana yake ni nzuri mno. Hata hivyo kwa miaka mingi wengi wa wale waliowekewa rangi ya machungwa hawakuikubali bendera hiyo, kwani waliona kuwa imeshonwa bila wao kuulizwa. Huko Kaskazini ugomvi huo ulidumu takriban miaka thelathini, hadi makubaliano ya mwaka 1998, na watu wapatao 3,500 walipoteza maisha. Hata Desemba 2012 mji wa Belfast ulikumbwa na ghasia kwa sababu ya bendera: halmashauri iliamua kupunguza siku za kuipandisha bendera ya Uingereza juu ya jengo lake.

Jambo la pili tunaloweza kujifunza Ireland linahusu mashujaa wenyewe. Mwezi Aprili 1916 kikundi kidogo cha watu kiliteka majumba ya Dublin na kutangaza Jamhuri. Walishindwa kwa muda wa siku sita. Walipopitishwa mitaani wakiwa mateka, baadhi ya wakazi wa mji waliwazomea, maana mapigano yalikuwa yameleta vifo na uharibifu. Lau Serikali ya Uingereza ingeishia hapo, huenda majina yao yangesahauliwa. Badala yake, kati ya tarehe 3 na 12 Mei iliwapiga risasi watu 15, mmoja wao akiwa amefungwa kwenye kiti kwa kuwa majeraha hayakumruhusu kusimama. Waliouawa Dublin walizikwa katika shimo lenye chokaa kali, bila majeneza, ili makaburi yao yasije yakawa mahali pa kuzuriwa. Matokeo yake yalikuwa kinyume. Katika uchaguzi wa mwaka 1918 chama cha wazalendo kilipata viti 73 kati ya 105 vya Ireland. Mahali walipozikwa ndipo hasa taifa linapokwenda kuweka mashada hadi leo.

Mtu wa kumi na sita alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Huyo alikuwa Roger Casement, na jina lake halipaswi kuwa geni Afrika. Akiwa balozi mdogo wa Uingereza, mwaka 1903 alisafiri Kongo ya Mfalme Leopold, na taarifa yake ya mwaka 1904 iliufunulia ulimwengu ukatili waliotendewa wananchi kwa ajili ya mpira. Mwili wake ulizikwa ndani ya gereza. Serikali ya Ireland iliudai kwa miaka mingi, na ni mwaka 1965 tu uliporudishwa Dublin na kuzikwa kwa heshima zote za kitaifa.

Msomaji wa nyanda hizi za kati atakuwa amekwisha kuona tunakoelekea. Kusini mwetu, Iringa, Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Kurejeshwa kwa fuvu hilo kuliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, mikononi mwa Gavana Twining, ambaye alitumaini kwa tendo hilo kuwafanya Wahehe waitii zaidi Serikali yake. Aliyelipokea alikuwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu. Miaka minane baadaye Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika wa Bunge la nchi iliyo huru. Kambi ya jeshi ya Lugalo mjini Dar es Salaam inaitwa kwa jina la mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Gavana alitaka fuvu lilete utiifu kwa mkoloni. Wananchi wakalifanya kuwa fahari ya uhuru. Shujaa hana mwenyewe wa kumwamuru, hata awe Serikali.

Yapo basi mambo mawili yanayodhihirika. Kwanza, kumnyima mtu kaburi hakumfuti katika nyoyo za watu. Pili, kumrudisha aliyenyimwa kaburi ni kazi ambayo Serikali yenye hekima huifanya mapema, kabla wengine hawajaifanya kwa nia zao. Tuitazame sasa hali yetu wenyewe kwa macho hayo.

Tuanze na Dodoma. Katika mwaka ule ule wa 1916, mwishoni mwa Julai, siku chache tu kabla ya Casement kunyongwa, majeshi ya Afrika Kusini yaliyopigana upande wa Uingereza yaliingia mji huu kuwafukuza Wajerumani. Kila jeshi lililopita Ugogo lilichukua nafaka, lilichukua ng'ombe na lilichukua wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 30,000 walikufa, yaani mtu mmoja katika kila watano. Na wapagazi waliochukuliwa hawakuwa wa Bara peke yao. Vijana wa Unguja nao waliandikishwa, wakavushwa bahari, wakafia njiani kwa homa na kuhara.

Askari wa kigeni waliokufa hapa Dodoma wana makaburi yenye majina, yanayotunzwa hadi leo. Wapagazi hawana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita ile, wengi wao wakiwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ireland ilipoteza watu wapatao milioni moja katika njaa iliyoanza mwaka 1845, na tangu 2008 inayo siku ya kitaifa ya kuwakumbuka. Mtunya wetu umebaki katika masimulizi ya wazee wa Mvumi na Bahi. Haumo katika mkuki na ngao ya tarehe 25 Julai, ingawa mpagazi aliyekufa na mzigo kichwani alikufa kwa ajili ya vita kama aliyekufa na bunduki.

Tuje sasa kwenye jambo lililo gumu zaidi. Historia ya uhuru wetu ina watu waliopandishwa na kushushwa. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa TANU, alihukumiwa kwa uhaini mwaka 1971, akasamehewa mwaka 1972, akaishi kimya kwa miaka mingi. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. John Okello, ambaye sauti yake ilisikika redioni asubuhi ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, aliondolewa Visiwani kabla ya miezi mitatu kwisha, na sherehe za Mapinduzi hazimtaji sana. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa Serikali ya Mapinduzi, na Othman Shariff, aliyepata kuwa waziri na balozi, waliuawa mwaka 1969. Hakuna kaburi linalojulikana la yeyote kati yao. Hayati Mzee Abeid Amani Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972. Kaburi lake lipo Kisiwandui, na siku yake huadhimishwa nchi nzima, kama inavyostahili.

Hatuyasemi haya ili kumhukumu aliyepita. Tunayasema kwa sababu ndugu zetu wa Visiwani wanayajua, na mtumishi wa Serikali anayetoka Bara mara nyingi hayajui. Tarehe 12 Januari kwa familia nyingi za Unguja ni siku ya kukombolewa kutoka katika utawala wa Sultani na unyonge wa miaka mingi. Kwa familia nyingine ni siku ya matanga ya watu wao. Familia hizo mbili huenda zinaishi mtaa mmoja, zinaswali msikiti mmoja, na wakati mwingine zimeoana. Aidha, tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa katika maandamano, wengi wao Pemba, na wapatao 2,000 wakakimbilia Kenya. Nao wana wazazi na watoto wanaoihesabu siku hiyo kila mwaka.

Watu wa Visiwani wameonesha wenyewe kwamba njia ipo. Tarehe 31 Julai 2010 walipiga kura ya maoni, na takriban theluthi mbili wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hayati Maalim Seif Sharif Hamad, aliyepata kuwekwa kizuizini, alifariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na akazikwa kwao Mtambwe. Mtu aliyekuwa shujaa wa upande mmoja alizikwa na Serikali yenye pande zote. Hilo ni jambo kubwa kuliko sanamu nyingi.

Ireland nayo ilichelewa kufika hapo. Baada ya kupata serikali yake mwaka 1922, wazalendo walipigana wao kwa wao, na Michael Collins, kamanda wa upande wa Serikali, akauawa mwezi Agosti mwaka huo. Vyama viwili vikubwa vilizaliwa katika ugomvi huo, kila kimoja na mashujaa wake na makaburi yake. Ilichukua karibu miaka mia moja, hadi mwaka 2020, kwa vyama hivyo kukaa katika Serikali moja. Na mwaka 2022 viongozi wa vyama vyote viwili walisimama pamoja mahali alipouawa Collins na kuhutubia. Hata hivyo si kila juhudi ilifaulu. Mwaka 2016, katika makaburi ya Glasnevin, palijengwa ukuta wenye majina ya wote waliokufa katika mapigano ya 1916, askari wa Uingereza wakiwamo. Mwaka uliofuata watu waliumwagia rangi. Kuwakumbuka wote ni kazi, wala haimalizwi kwa kuchonga jiwe.

Wapo viongozi watakaosema kuwa kuyagusa haya ni kutonesha vidonda, na kwamba umoja wetu umejengwa kwa kusahau. Hoja hiyo tunaiheshimu, kwa kuwa nchi nyingi jirani zimetumbukia katika damu kwa kukumbuka vibaya. Lakini kunyamaza na kusahau ni vitu viwili tofauti. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Jambo lisilosemwa katika mkutano husemwa barazani, na huko halina wa kulipima wala kulisahihisha. Kijana wa leo aliyelipokea kwa minong'ono hulibeba likiwa zito kuliko lilivyokuwa.

Tena wananchi wetu wana kipimo chao cha ushujaa, na Serikali haina sababu ya kukiogopa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliondoka hapa Dodoma baada ya kikao cha Bunge, akafa katika ajali ya gari karibu na Morogoro. Miongo minne imepita. Yapo majengo na Chuo Kikuu cha Kilimo vyenye jina lake, lakini hata kama visingekuwapo, watu wasingemsahau. Wanamkumbuka kwa sababu walimwona akiwa mkali kwa walanguzi na mwepesi wa kumsikiliza mnyonge. Shujaa wa aina hiyo hahitaji kutangazwa. Kwa upande mwingine, mnara uliojengwa kwa fedha nyingi kwa ajili ya kumbukumbu isiyomgusa mtu hugeuka kuwa kivuli cha wauza karanga.

Kwa hiyo tunatoa maoni yetu wazi kwa wahusika. Mji mkuu bado unajengwa. Mitaa yake mingi na viwanja vyake bado havina majina ya kudumu. Ni rahisi kupanga kumbukumbu leo kuliko kuzipangua kesho. Kwanza, orodha ya wanaoenziwa Dodoma itungwe na pande zote mbili za Muungano, kwa kuwashirikisha wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pamoja na wazee. Isiwe kazi ya kamati ya maofisa peke yao. Pili, Mtunya na wapagazi wa vita ile wapewe mahali pao. Huo ni msiba ambao Mgogo na Mzanzibari waliupata pamoja miaka karibu hamsini kabla ya Muungano, na hakuna chama wala serikali ya leo inayoweza kuaibishwa nao. Ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tatu, na hili lataka ujasiri, familia ambazo hazijapata kuoneshwa makaburi ya watu wao ziambiwe kile Serikali inachokijua. Ikiwa Taifa letu linadai kwa haki mabaki ya mashujaa wetu waliochukuliwa Ujerumani, na ikiwa Rais Steinmeier wa Ujerumani aliweza kufika Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa vitendo vya Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, basi haitatupunguzia heshima kuwatendea watu wetu yale tunayoyadai kwa wageni. Tukiwadai wengine mafuvu ilhali sisi wenyewe tunaficha makaburi, dai letu litakuwa na ulemavu.

Hatusemi kila aliyekufa ni shujaa, wala hatusemi historia iandikwe upya ili kumfurahisha kila mtu. Tunasema kuwa mji mkuu wa nchi mbili zilizoungana hauna budi kuwa mahali ambapo mtu wa kila upande anaweza kufika, akasimama mbele ya jiwe, akalikuta jina analolijua, na akalisoma kwa sauti bila kutazama nyuma. Mkuki na ngao vinavyowekwa kila tarehe 25 Julai vitakuwa vimepata maana yake kamili siku mbunge wa Pemba na mkulima wa Bahi watakaposimama kimya pamoja, kila mmoja akijua kwamba mwenzake naye ana mtu wake aliyemo humo.